Nimeacha Kufukuza Ndege

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Mama Bakari, mwenye nyumba na mwenye mume mkorofi,

Pokea salamu zangu kabla hujapata sababu ya kuzikataa. Naomba barua hii ikukute na afya, magoti yakiwa yametulia, na lile jiko lako la udongo lisiwe limepasuka tena. Mimi ni mzima. Tena si mzima wa kujibia salamu tu, ni mzima kweli, na hiyo ndiyo habari yenyewe niliyokaa chini kuiandika.

Hadija mwanangu, najua ni wewe unayemsomea mama yako. Soma polepole, usiruke mistari. Ukifika mahali nimekosea herufi usicheke, maana darasa la nne la enzi zetu tuliandika zaidi kwa kijiti kwenye mchanga kuliko kwa kalamu. Na mahali nitakapokuambia unong'one, msomee mama yako sikioni, wengine wasisikie.

Mama Bakari, naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Sikulaumu. Mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka jirani yangu hapa, fundi baiskeli wa Kigogo, akatoka nje kuangalia kama kuna nyumba inaungua. Mara ya pili nilikuwa nakueleza kwamba ile mara ya kwanza sikupiga kelele, na nikakueleza kwa kelele. Kwenye karatasi mtu hana sauti. Nimeona bora nije kwako hivi, nikiwa bubu.

Maneno yaliyofika huko nimeyasikia yote. Eti Saidi ameingia dini ya Wahindi. Eti anakunja miguu, anafumba macho, nyama hagusi tena. Nyama nimekula juzi Kizota, kwenye maulidi ya makanika mmoja wa Kondoa, na nimerudia sahani. Hilo la nyama ni dogo. Lililonichoma ni la Hadija. Nimeambiwa kwamba binti yangu anaolewa mavuno yakishaingia ndani, na mdogo wangu Hamisi amesimama mbele ya wazee akasema baba aliyetoka kwenye Uislamu hawezi kuwa walii wa kumwozesha bintiye, kwa hiyo atamwozesha yeye. Kwa sheria yuko sawa. Kama angekuwa anasema kweli juu yangu, ningemuunga mkono. Lakini nimemlea huyo mtoto, nimembeba begani kwenda kliniki ukiwa wewe unaumwa, halafu siku ya kuulizwa nani anamtoa, nikae nyuma na wageni nikila ubwabwa? Hapana.

Kwa hiyo nakueleza tangu mwanzo, na ukinikatisha nitajua, hata kama niko mbali.

Unajua nilivyotoka huko. Kiuno kilikuwa kimekataa jembe. Nikiinama asubuhi, kuinuka ni adhuhuri. Bakari akanitafutia hii kazi ya kutunza bustani na kufagia ua kwa mjane mmoja wa Kihindi hapa mjini, mwenye duka la vitambaa. Anaitwa Mama Ramila. Amezaliwa hapa hapa Dodoma, Kiswahili chake kinashinda changu, na umri tunalingana. Tofauti ni kwamba yeye akiinama anagusa vidole vya miguu, na mimi vidole vyangu nilikuwa nimeshasahau vinafananaje.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, huyu mama na wakwe zake wawili, wake wa wanawe, na majirani kidogo wanatandika mikeka uani, wanafanya yoga. Siku za mwanzo nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya pipa la maji. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anajinyoosha kama paka aliyeamka kwenye majivu. Nikawa nafagia karibu karibu ili nione vizuri. Nafagia hapa, nahamia pale, narudi hapa. Siku moja Mama Ramila, kichwa kikiwa chini na kiuno juu, akaniita bila hata kugeuka.

"Mzee Saidi, huo ua umeshaufagia mara tatu. Weka ufagio, uje ukae."

"Mimi Mwislamu, mama."

"Sijakuuliza dini, nimekuuliza kiuno."

Sasa hapo ungejibu nini? Kiuno changu hakina kadi ya dini. Nikakaa.

Usidhani niliingia kama kondoo. Mkao wa kwanza ukawa wa mbwa, ule wa kuinamisha kichwa na kuinua makalio. Nikasema mimi mbwa siwi, labda mbuzi. Wakwe wakaangua kicheko, lakini mama yao akasema haya, wewe kuwa mbuzi. Mpaka leo pale uani huo mkao unaitwa wa mbuzi, na mimi ndiye niliyeupa jina. Kuna mwingine wa kulala chali kama maiti, mikono pembeni, macho umefumba. Huo sikukubali mpaka nilipouliza kibla kiko upande gani, maana nikifia pale wasije wakapata tabu ya kunigeuza. Wakanionyesha. Nikalala. Nikakoroma. Waliniamsha duka limeshafunguliwa na wateja wa asubuhi wameshanipita pale chini na vitambaa vyao.

Lakini kulikuwa na mkao mmoja niliowashinda wote. Unasimama kwa mguu mmoja, wa pili umeukunja umeuegemeza gotini, unakaa hivyo bila kuyumba. Wale mama wanayumba kama mabua. Mimi nikasimama, nikasimama, mpaka Mama Ramila akafungua macho na kuniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa mbuzi. Mtu aliyechunga tangu ana miaka sita kwenye vilima vya kwetu, na fimbo yake, mguu mmoja juu na mwingine chini kutwa nzima, anafundishwa nini tena? Siku hiyo niliamini kwamba kitu hiki ni cha kwetu, walituibia wakakipeleka India.

Kiuno kikaanza kulegea. Sikutaka kumwambia mtu, ili nisionekane nimekubali haraka. Ila wiki ya tatu niliokota sindano ya mama iliyodondoka sakafuni, nikainuka nayo bila kushika ukuta, na yeye akaona nilivyoitazama ile sindano kama nimeokota dhahabu.

Kabla hujauliza: mwanzoni mwa mazoezi huwa wanawasha taa yao na kusoma maneno ya dini yao. Hapo mimi nanyanyuka, nachukua ndoo, naenda kumwagilia mchicha. Wakimaliza narudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini natoka, na mimi sijawahi kuuliza kwa nini wanasoma. Mchicha ule umestawi kuliko wa mtaa mzima.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Baada ya mazoezi ya viungo, wanakaa kimya. Basi tu, wanakaa. Macho umefumba, unasikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Mama Bakari, hicho ndicho kitu kigumu kuliko kulima udongo wa mfinyanzi. Nikifumba macho tu, wanakuja wote: mwenye duka aliyenidhulumu zamani, yule karani aliyeniita mzee kichwa kigumu, Hamisi, wewe na ile siku ya sufuria, Hamisi tena. Nikamwambia mama kichwa changu kimejaa. Akasema hayo mawazo ni kama ndege, yanakuja yanapita, wewe kaa tu.

Alikosea kuniambia ndege.

Unajua mimi ni nani kwa ndege. Tangu utoto nimekaa juu ya dungu katikati ya uwele, kombeo mkononi, nawafukuza kwelea kuanzia jua linachomoza mpaka linazama. Msimu hadi msimu, uzee umenikuta palepale. Basi nimefumba macho, nimetulia, naona wazo la kwanza linakuja, la pili, mara kundi zima linatua. Sijui nini kilinipata. Nilisimama nikapiga ule ukelele wetu wa shambani, wenyewe hasa, wa kusikika mpaka bonde la pili, na mkono nikauzungusha kama nina kombeo. Mkwe mkubwa alirusha chai yake ukutani. Jirani mmoja alikimbilia jikoni akafunga mlango. Kunguru wa mtaa wote wakaruka.

Nilipofumbua macho nikaona Mama Ramila amejifunika uso na kitambaa chake, mabega yanatikisika. Nikajua nimemuumiza. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akaniuliza swali moja, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Mzee Saidi, ndege wa shambani wanakula uwele. Hawa wa kichwani wanakula nini?"

Mimi, Saidi, ninayejua kujibu kabla hujamaliza kuuliza, nikaokota ufagio nikaenda zangu.

Swali hilo nilitembea nalo siku nyingi. Nafika nalo Nkuhungu, nalala nalo, naamka nalo, nasali nalo. Wanakula nini? Mwisho nilikuwa napalilia maua siku moja nikalipata. Hawali kitu. Wakija ukiwaacha wanapita, hakuna hata punje waliyokula. Mimi ndiye ninayewapa chakula, kwa kupiga kelele. Nikimpigia kelele Hamisi kichwani, Hamisi ananenepa. Nimemlisha miaka tisa.

Hapa, Hadija, nong'ona.

Mama Bakari, lile jambo la jino. Mimi na wewe hatujawahi kulizungumza vizuri. Mbuzi wa Hamisi waliingia kwenye uwele wangu, nikawa juu ya dungu, nikamwona anakuja kuwatoa anatembea taratibu kama anakwenda harusini. Kombeo lilikuwa mkononi, jiwe liko ndani. Nilisema kwa wote kwamba nilimlenga mbuzi. Wewe ulichemsha maji ya chumvi ukampelekea mdogo wangu asukutue. Mama Bakari, mkono huu unaoandika haujawahi kukosa shabaha. Sikumlenga mbuzi. Mtu wa miaka sitini na kitu, namng'oa ndugu yangu jino la mbele kwa ajili ya masuke ambayo hata kapu moja hayajazi. Na miaka yote hiyo tisa, kila akifungua mdomo naliona lile pengo, na badala ya kuona aibu naona hasira. Ndivyo nilivyokuwa.

Hadija, endelea kwa sauti.

Baada ya hapo kukaa kimya kukawa rahisi. Si kila siku, lakini siku nyingi. Ndege wanakuja, nawatazama, wanapita. Wakati mwingine naona ndege ana uso wa mtu fulani, namsalimu, anapita naye. Na furaha yake, Mama Bakari, sijui niiseme vipi. Unaikumbuka ile mvua ya kwanza, tukiwa bado wachumba, tukasimama chini ya paa la jirani na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka? Ni hiyo. Inakuja pale uani, katikati ya ndoo na mafagio, bila mvua. Hadija, usicheke. Baba yako naye aliwahi kuwa kijana.

Kitu kingine kikabadilika ambacho sikukitegemea. Swala yangu. Sijaacha hata moja tangu nifike mji huu, lakini zamani nilisali kama mtu anayewahi basi. Wewe unajua nilivyokuwa namtangulia imamu. Mwalimu Idi amenionya mara ngapi pale msikitini kwetu? Yeye anasema Allahu akbar, mimi nimeshafika chini. Sasa nikisujudu nakaa. Naisikia pumzi, nayasikia maneno ninayoyasema. Nilianza kuyaelewa nikiwa na mvi.

Sasa huyu Ramadhani wenu, mchuuzi wa mbaazi. Aliwaletea akina Mama Ramila gunia la mbaazi, akapitia mlango wa uani, akanikuta nimekaa kati ya Wahindi, miguu nimekunja, macho nimefumba. Akanitolea salamu, asalaamu aleikum. Sikuitika. Hilo ni kweli, na ndilo pekee alilosema kweli. Sikumsikia. Maisha yangu yote sauti ya mtu haijawahi kunipita bila kuijibu, mara nyingine naijibu hata kama haikuwa yangu, na siku hiyo moja nikapitwa. Akaondoka na gunia tupu na habari iliyojaa. Alipofika huko Kondoa, kila kijiji alichoshuka akaiongezea kidogo, nguo ya rangi ya machungwa huku, nyama kule.

Na ndipo wakaja. Najua uliwaona wanaondoka, Hamisi na Mwalimu Idi, na najua uliwapa mihogo ya njiani, kwa sababu walikula mbele yangu na sikukaribishwa mpaka baadaye. Walifika asubuhi, mazoezi yamekwisha, mama na wakwe zake wanakunja mikeka, mimi niko kwenye mchicha na ndoo imejaa maji. Hamisi hakusalimia. Alisimama mlangoni akasema, wote wanasikia:

"Kaka, umeuza dini kwa bakuli la dengu."

Mkwe mdogo alishika mkeka kifuani kama ngao. Mama Ramila amesimama, ametukanwa nyumbani kwake na mtu asiyemjua, anamtazama mtu anayemfanyia kazi. Mimi mkono wangu ulishainua ile ndoo. Sitakudanganya. Ulishainuka mpaka usawa wa bega, na mkono huu nimekuambia haukosi.

Wakaja ndege. Kundi la kuficha jua. Wakaja na mbuzi, na jino, na wazee waliokaa wakaniamua bila mimi kuwepo, na Hadija anaozeshwa na baba yake mdogo. Nikawatazama. Pumzi ikaingia, ikatoka. Ikaingia, ikatoka. Nikashusha ndoo nikayamwaga yale maji kwenye mchicha, taratibu, tuta kwa tuta, mpaka yakaisha. Halafu nikageuka nikasema:

"Waaleikum salaam, Hamisi. Shikamoo Mwalimu. Mmetoka mbali, kaeni."

Hamisi alirudi nyuma hatua mbili. Ni kweli. Angenielewa zaidi kama ningerusha ndoo.

Mama Ramila akawaletea viti na chai ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe, hakumtuma mkwe. Mwalimu Idi akanywa, akashukuru, akaniuliza maswali yake moja moja. Je, naabudu sanamu? Hapana. Nasoma maneno yao? Nikamwonyesha mchicha, nikamweleza huwa niko pale. Akacheka kidogo, hakutaka lakini alicheka. Akauliza kwa nini sikuitikia salamu ya Mwislamu. Nikasema Mwalimu, hilo kosa ni langu, sikumsikia, ningemsikia ningeitika, na Ramadhani akija nitamwitikia mara mbili ili tuwe sawa. Hamisi akawa anatikisa kichwa tu. Akasema mtu anaweza kusema lolote, kaka yangu tangu zamani mdomo haumshindi.

Mwalimu akatazama kivuli, akasema, basi twende tukasali.

Tulifika msikiti wa karibu na soko, swala ya jamaa ikawa imeshakwisha. Tukasali sisi watatu, Mwalimu mbele, mimi na mdogo wangu nyuma yake bega kwa bega, kama tulivyokuwa tukisimama kwa marehemu baba. Sikukumbuka kwamba napimwa. Nasema kweli, nilisahau. Nilirukuu nikakaa, nikasujudu nikakaa. Ile sijida ya mwisho nilikuwa ndani kabisa, sauti ya Mwalimu ikanifikia kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya bonde, nikainuka wa mwisho. Wa mwisho, Mama Bakari. Mimi.

Baada ya salamu Mwalimu hakunyanyuka. Aligeuka akatukabili, akawa anavuta tasbihi, ananitazama muda mrefu. Halafu akamwambia Hamisi:

"Miaka ishirini nimemsalisha huyu, na miaka ishirini alikuwa ananitangulia. Leo nimemsubiri. Hamisi, kaka yako hajatoka kwenye dini. Ndiyo kwanza anaingia."

Nilitaka kumwambia Hamisi, umesikia? Nilitaka kumwambia mara tatu, ya tatu kwa kuimba. Nimezaliwa hivyo, na yoga haijanitoa kila kitu. Lakini nilipomgeukia akawa amefungua mdomo, anatafuta la kusema, na nikaliona lile pengo. Kwa mara ya kwanza nililiona jino, sikumwona mbuzi.

Nikamwambia pale pale kwenye mkeka wa msikiti: "Hamisi mdogo wangu, sikumlenga mbuzi. Nisamehe."

Mwalimu Idi akajifanya anatafuta kofia yake wakati ameivaa kichwani.

"Najua hukumlenga mbuzi," Hamisi akasema. "Mbuzi alikuwa upande wa pili."

Halafu akacheka. Si kicheko cha kusamehe kwenye hotuba, kilikuwa cha utotoni, kile cha kwenye malisho tulipokuwa tunaibiana viazi vya kuchoma. Nikacheka na mimi. Mwalimu akatuambia tutoke nje, msikitini si mahali pake. Tukatokea sokoni tumeshikana mikono, wazee wawili, watu wanatupisha njia wanadhani tumelewa mchana kweupe.

Kabla hawajapanda gari la kurudi, Hamisi akanivuta pembeni. Nilidhani atalia. Akaniuliza ule mkao wa mbuzi unafanywaje, maana na yeye kiuno kinamsumbua tangu masika. Nikamwonyesha pale pale stendi, mikono chini, makalio juu. Abiria wakatoa vichwa madirishani. Mwalimu Idi akaangalia pembeni, lakini niliona anaangalia kwa jicho moja. Ndipo Hamisi akasema lile nililokuwa nalisubiri, na ambalo wewe unalisubiri tangu mwanzo wa barua hii:

"Utamwozesha wewe. Lakini ukipandisha sauti hata mara moja siku ile, namalizia mimi."

Nimekubali. Mwambie Hadija, ingawa ameshalisoma mwenyewe na sasa hivi anajifuta macho kwa ncha ya kanga na kujifanya kuna moshi.

Mama Ramila amenipa ruhusa ya kuja tangu mavuno mpaka harusi iishe. Amenikabidhi na kitambaa cha bibi harusi, cha kijani kilichotiwa nakshi, alichokikata mwenyewe kwa mkono wake. Nikamuuliza yeye na wakwe zake watakuja? Akasema watakuja kama wataruhusiwa kukaa chini kwenye mikeka, maana viti vinamchosha. Nikamwambia kwetu wanawake wote wanakaa chini, atakuwa nyumbani. Umpikie mbaazi kwa nazi bila nyama, na usimshangae akila kwa mkono vizuri kuliko mimi.

Nisalimie mwanetu Bakari na mkewe, waambie kazi waliyonitafutia imezaa kitu wasichokipanda. Nisalimie mama mkwe wako mdogo, yaani mama yangu mdogo, mwambie bado nipo, asigawe ile fimbo yangu. Msalimie Mwalimu Idi na umwambie nafanya mazoezi ya kuwa wa mwisho. Mke wa Hamisi mpe pole, maana akiona mumewe amesimama uani kwake makalio juu asiite mganga. Na huyu Ramadhani anayekuletea barua hii, ndiyo, yeye mwenyewe, hakuna mwingine anayekuja huko wiki hii, mpe chai yenye sukari. Amenisalimia asubuhi ya leo, nikamwitikia mara mbili kama nilivyoahidi. Amebaki ananitazama.

Sasa neno la mwisho, na hili lisomwe kwa sauti, wote wasikie, hata wajukuu waliojazana mlangoni.

Mimi nina kikohozi changu cha kufikia nyumbani. Nikikaribia uani nakohoa, ndivyo tulivyofundishwa, ili mwenye nyumba ajue kuna mtu anaingia. Na miaka yote nilikuwa nikikohoa, nasikia miguu. Miguu midogo midogo inakimbia, huyu kisimani, huyu kuni, huyu kwa jirani kurudisha kinu ambacho hatukuazima. Nikiingia nakukuta wewe peke yako na moto. Ulikuwa unawatuma, kelele zangu zisiwakute. Nilijua, Mama Bakari. Nilikuwa najua siku zote, na nilijidanganya kwamba nina watoto wachapakazi kuliko wilaya nzima.

Basi nikija nitakohoa kama kawaida, siwezi kuacha, koo limeshazoea. Usimtume mtu popote. Maji nitayachota mwenyewe, kiuno kimepona.

Mimi mumeo,
Saidi, anayesimama kwa mguu mmoja bila fimbo